Dhamana ya Mchoro

Mwaka 1933 Mfaransa Henri Mignet alirusha ndege aliyoiunda kwa mikono yake, akaiita Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kumfunza asiye fundi kuijenga kwa mbao, kitambaa na injini ndogo. Anga, kwake yeye, haikuwa milki ya matajiri. Nani atamlaumu kwa hilo?

Lakini bawa la mbele, ambalo usukani uliliinua na kuliinamisha, lilikaribiana mno na la nyuma. Pua ikishainama kupita kiasi, rubani akavuta usukani ili ajiokoe, upepo uliliinua bawa la nyuma na ndege ikazidi kuzama. Baadhi ya waliokufa walifanya lile ambalo rubani yeyote angelifanya. Mwaka 1936 majaribio ya handaki la upepo, Ufaransa na Uingereza, yalilifichua kosa hilo.

Mignet hakudanganya; alitanguliza roho yake mwenyewe, na huo ni uaminifu usio haba. Ila aliijua ndege yake kama nahodha alijuavyo jahazi aliloliunda. Mnunuzi wa kitabu alipata vipimo, hakupata ujuzi huo, na hakuwa na njia ya kutambua kilichopungua. Mignet aliusahihisha mchoro, akaendelea kubuni ndege za namna hiyo hadi alipofariki mwaka 1965.