Nuru Isiyodanganya

Nilipoitazama kwa mara ya kwanza filamu ya Pather Panchali, niliona haya. Nilikuwa nimejikuta nikifurahia ukuta wa nyumba iliyokuwa ikibomoka. Jua lilipenya majani na kutua juu ya ukuta ule, nami nikasema moyoni, "Uzuri ulioje!" Kisha nikajiuliza: mtu aliyeshiba ana haki gani ya kuuona umaskini wa mwenziwe kuwa ni uzuri?

Filamu hiyo ya Satyajit Ray ilitoka mwaka 1955. Inasimulia habari za jamaa maskini wa kijiji cha Bengal, nchini India: mtoto Apu, dada yake Durga, wazazi wao, na bibi kizee asiye na pa kwenda. Mpiga picha, Subrata Mitra, alikuwa kijana tu kazi ilipoanza, wala hakuwa amewahi kupiga picha za sinema.

Swali langu si geni. Mwaka 1980, Nargis, mwigizaji mashuhuri aliyekuwa mbunge, alimlaumu Ray kwa kuupeleka umaskini wa India ng'ambo. Wahenga nao wametuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Picha nayo yaweza kuwa mkakasi.

Hata hivyo, yafaa tutazame Mitra alivyofanya kazi. Katika filamu iliyofuata, Aparajito, ya mwaka 1956, ua wa nyumba ya Benares ulijengwa ndani ya studio. Katika ua wa kweli, mwanga hushuka kutoka mbinguni, ukawa mpole, usiotupa vivuli vikali. Taa za studio zikielekezwa moja kwa moja huleta vivuli ambavyo uani havipo. Basi Mitra alitanda kitambaa juu ya ua ule, akazielekeza taa kwenye kitambaa ili mwanga urudi chini ukiwa umelainika. Hapo juhudi yote ilikuwa ni kuondoa uwongo. Hakupamba kitu.

Nakumbuka jiko la bibi yangu. Alasiri, jua lilipita katika tundu la makuti, na moshi ukaufanya mwanga usimame kama nguzo. Sisi watoto tulijaribu kuikumbatia. Masika yakija, tundu lile lile lilivuja, bibi akakinga sufuria. Mpiga picha ambaye angeiacha ile nguzo ili tuonewe huruma angetuibia. Ambaye angeificha sufuria ili tupendeze angetudhulumu vilevile. Vyote viwili vilikuwa vyetu.

Katika Pather Panchali havikutenganishwa. Mvua ile ile ambayo Durga anaichezea, nywele zikimwagika na uso ukielekea juu kwa furaha, ndiyo inayomletea homa. Usiku wa dhoruba, homa inamwua. Aliyeufurahia ule mchezo hawezi kukwepa ile maiti. Na kwa kuwa aliufurahia, anajua ni nini hasa kilichopotea.

Basi sioni haya tena kwa kuupenda ukuta ule. Kosa lingekuwa kuishia ukutani, nikasifu mwanga na kuwasahau waliokuwa wakiishi nyuma yake. Uzuri wa picha hutuita tukaribie. Tukishakaribia, tuna wajibu wa kutazama mpaka mwisho.