Wasia wa Mgonjwa Kabla Ulimi Haujawa Mzito



 Ndugu zetu Waislamu wa pwani hii wana desturi nzuri ya kujiandalia mauti. Mzee hununua sanda yake mapema akaiweka sandukuni, huwajuza wanawe madeni yake, na wengine hata humtaja atakayewaosha. (Wako pia wanaoweka akiba ya khitma na pilau yake, hilo tumekwisha kulisema sana, na leo tunalipita.) Walakini tukiwauliza, je, mmesema mtibiwe vipi siku mtakapokuwa hamwezi kusema? wote hunyamaza.

Jambo hili limetukuta sisi wenyewe, na twalieleza kwa kuwa tuna fungu letu katika lawama. Mzee mmoja wa darsa yetu alikuwa na maradhi ya figo kwa miaka mingi, damu yake ikisafishwa kwa mashine mara mbili kwa juma. Kisha moyo ukadhoofika, akapoteza fahamu, akatiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi na kuwekewa mashine ya kupumulia. Matabibu walisema wazi kuwa hawana tumaini la kupona kwake. Binti yake akasema kuwa babake alimwambia, tena zaidi ya mara moja, kuwa ikifika hali hiyo asitiwe mashine, bali alazwe nyumbani kwake asikie Kurani. Nduguze wa kiume, mmoja wao kwa simu kutoka Maskati, wakamkatalia, wakamwambia kuwa amemchoka babake. Ndipo wakaja kutuuliza. Nasi, tukiwa tumesimama mlangoni viatu tumevaa, tukajibu kuwa roho ni amana na mashine isiondolewe. Hatukuuliza hata neno moja mzee mwenyewe alitaka nini. Akakaa hivyo siku kumi na tisa, na kila alipozindukana kidogo mikono yake ilifungwa asije akaing'oa mipira. Kisha akafariki. Deni la hospitali likalimaliza shamba, na binti na nduguze hadi leo hawapeani mkono.

Baada ya mazishi tulirudi vitabuni, na tuliyoyakuta ni mambo tuliyoyasoma tangu ujanani. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho watu wa nyumbani walimmiminia dawa pembeni mwa kinywa. Yeye akawaashiria wasifanye. Wao wakaona kuwa huko ni kuchukia dawa tu kama wanavyochukia wagonjwa wote, wakampa. Alipopata nafuu aliwauliza, je, hakuwakataza? Kisha akaamrisha kila aliyekuwamo nyumbani anyweshwe dawa ile ile naye akitazama, isipokuwa Abbas, kwani hakuwapo pamoja nao. Na tutazame walionyweshwa ni nani: ni watu waliompenda kuliko nafsi zao. Mapenzi yao hayakuwa udhuru. Sisi tulikuwa na mkono uliofungwa mbele ya macho yetu, na tukasema ni maradhi.

Tena yuko yule mwanamke mweusi wa hadithi ya Ibn Abbas, aliyekuwa na kifafa. Mtume alimkhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, akaomba dua moja tu, asifunuke mwili aangukapo. Khiyari aliachiwa mgonjwa, naye alijua anataka kuhifadhiwa nini.

Asije mtu akatuelewa vibaya. Kumwomba tabibu sindano ya kuua ni haramu, na anayempa ni muuaji. Hata kuyatamani mauti kwa sababu ya dhara Mtume amekataza. Wala hatumruhusu kijana anayevuja damu akatae kufungwa jeraha. Dawa tumeamrishwa tuitafute, na Imamu Nawawi wa madhehebu yetu ameieleza kuwa ni sunna. Walakini kuacha mashine ambayo waliobobea wamesema haitamponya mtu, bali itarefusha kukata roho kwake, si kujiua. Mwaka 1986 wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walikutana Amman wakajuzisha kuondolewa mashine kwa ambaye matabibu mahodari wamehukumu kuwa ubongo wake umekufa kabisa. Na mwaka 1992, huko Jeddah, wakasema kuwa idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu ni sharti katika matibabu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo inampa mgonjwa haki ya kukataa, na inamkubali mtu aliyepewa kwa maandishi kazi ya kumjibia asipoweza kusema.

Basi kwa nini hatuandiki? Wengi hudhani kuwa kuyataja mauti ni kuyaita. Na Mtume amesema kuwa haimpasi Mwislamu mwenye jambo la kuusia kulala siku mbili ila wasia wake umeandikwa kwake!

Karatasi yenyewe si ndefu. Itaje nani atamjibia mgonjwa, na huyo aambiwe kwa kinywa, mbele ya nduguze wote, hata wa ng'ambo. Iseme kama anataka kifua kibanwe moyo ukisimama, kama anataka mashine ya kupumulia na mpira wa kulishia, na mpaka lini. Iseme kuwa apewe dawa ya maumivu, aoshwe, asaidiwe kuelekea kibla na kusali kadiri awezavyo, na asitirike. Tabibu wake aisome angali hai na akili zake, na kila hali ikigeuka iandikwe upya.

Kwa binti wa mzee yule tulikwenda kuomba radhi. Alitufungulia mlango, akatukaribisha kahawa, akauliza swali moja: kwa nini hatukumwamini. Hatukuwa na jawabu. Jumatano ijayo, baada ya Magharibi, ameahidi kuja darsani upande wa wanawake, na karatasi yetu wenyewe tutaisoma hapo kwanza.