Amana ya Walio Hai: Swali la Kimaadili katika Ujenzi Mpya wa Mukuru

Mtaa wa Fedha, katika eneo la Embakasi upande wa mashariki wa Nairobi, na makazi ya Mukuru kwa Njenga yaliyo jirani nao, hutegemea maji na umeme wa jiji lile lile. Hata hivyo, watafiti waliochunguza makazi hayo katika muongo uliopita walibaini kwamba mkazi wa Mukuru, anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 na kuunganishiwa umeme na mawakala wasio rasmi, hulipa kwa kila kipimo zaidi ya mkazi wa mtaa uliopangwa, tena kwa huduma iliyo duni. Hali hiyo imeitwa adhabu ya umaskini, yaani gharama ya ziada anayotozwa mtu, si kwa kuwa ametumia zaidi, bali kwa kuwa anaishi mahali ambapo mipango ya jiji haikumtambua. Serikali haikuiondoa adhabu hiyo kwa miongo mingi, na mfanyabiashara anayefaidika nayo hana sababu ya kuiondoa. Ndiyo maana mashirika yasiyotafuta faida yamejitokeza kuongoza ujenzi mpya wa makazi kama hayo kwa njia ya ubia, ambao ndani yake mamlaka ya umma hutoa ardhi na idhini, wenye mtaji hutoa fedha na ujuzi, na shirika husimama katikati kwa niaba ya wakazi. Swali la kimaadili linazaliwa hapo katikati: anayesema kwa niaba ya maskini, ilhali hawakumpigia kura wala hakuweka mali yake rehani, anaongoza kwa haki gani?

Jibu jepesi ni kwamba anaongoza kwa haki ya wema wake, kwa kuwa anatoa bila kudai faida. Jibu hilo lilikwisha kutikiswa na Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, ambaye katika maandishi yake kuhusu misaada ya kigeni alitetea haki ya kila mtu kupata kiwango cha chini cha utu: usalama wa mwili, riziki na afya. Kwa Oruka, haki hiyo inatangulia haki ya kumiliki mali, kwa sababu asiyekuwa na kiwango hicho hawezi kutumia haki nyingine yoyote kwa maana kamili. Hoja hiyo ikikubaliwa, maji safi yanayofika Mukuru hayawezi kuitwa zawadi, bali ni deni linalolipwa, na anayelipa deni la mwingine hapati kwa kulilipa mamlaka juu ya mdai. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikaribia mawazo hayo pale ilipoitambua, katika kifungu cha 43, haki ya kila mtu ya kupata makazi yanayostahili, huduma za usafi na maji safi.

Kwa hiyo msingi mwingine unahitajika, na mila za dini zinazoishi Afrika Mashariki zinao. Katika sheria ya Kiislamu, mali iliyowekwa wakfu huondoka katika umiliki wa mtoaji na kutengwa kwa ajili ya walengwa, huku ikisimamiwa na mutawalli, yaani msimamizi asiyeimiliki, ambaye hujibu mbele ya kadhi na mbele ya Mungu. Misikiti na nyumba nyingi za pwani ya Waswahili zimeshikiliwa kwa njia hiyo, na nchini Kenya kuna sheria ya mwaka 1951 iliyounda kamisheni ya wakfu. Fikra hii ya amana inalieleza shirika vizuri kuliko fikra ya sadaka, kwa sababu inatenganisha kushika na kumiliki. Lakini ina mpaka ambao hauna budi kutazamwa kwa makini. Katika wakfu, nia ya mtoaji ndiyo sheria, na msimamizi huitii hata kama mtoaji amekwisha kufa. Katika ujenzi mpya wa mtaa, aliye na haki ya kwanza si mfadhili aliyeandika masharti akiwa mbali, bali ni mlengwa aliye hai, anayeweza kusema, kukataa na kubadili mawazo. Amana ya walio hai inadai kitu ambacho amana ya marehemu haikidai, nacho ni kwamba mwenye haki aweze kumwita msimamizi atoe hesabu na, ikibidi, amwondoe.

Upungufu wa jambo hilo ulionekana katika makazi ya Mathare 4A, pia upande wa mashariki wa Nairobi. Mradi huo ulioanza mwaka 1992 uliikutanisha serikali ya Kenya, iliyotoa ardhi, fedha za Ujerumani zilizopitia benki ya maendeleo ya KfW, na Kanisa Katoliki, Jimbo Kuu la Nairobi, lililosimamia kazi kupitia mdhamini, Amani Housing Trust. Nia haikuwa mbaya: barabara, vyoo, maji na vyumba imara vilijengwa, na kodi ilikusudiwa irudi katika kazi ili mtaa mzima ufikiwe. Hata hivyo wenye vibanda walinunuliwa haki zao, wapangaji wakawa wapangaji wa mdhamini, na mdhamini, ambaye kimaadili alikuwa mtumishi wao, akawa mwenye nyumba wao, mkusanyaji wa kodi na mwamuzi wa nani abaki. Upinzani ulikua hadi mradi ukakwama kabla ya kuufikia mtaa wote. Kosa la kulaumu wakazi kwa kutokuwa na shukrani ni kudhani kwamba shukrani ndiyo iliyodaiwa. Kilichokosekana ni mahali pa kudai hesabu.

Serikali nayo haina rekodi bora ya kutunza amana. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi katika miaka ya 1980 na 1990 kwa sharti la kujengwa viwanda, sharti ambalo wengi hawakulitimiza, na ripoti ya tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma kote nchini ilivyogawiwa kinyume cha sheria na wale waliowekwa kuilinda. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mgawanyo wa mali kwa watu binafsi ni mpango wa binadamu uliowekwa ili vitu vitunzwe vizuri, na kwamba mpango huo hauwezi kufuta kusudi la awali la vitu hivyo, ambalo ni kuwakidhi watu wote. Hatimiliki ya ploti ambayo haikuendelezwa, huku maelfu ya kaya yakiishi juu yake na kulipa kodi, imeuacha mpango na kulisaliti kusudi pia. Ndiyo sababu mashirika yaliyopeleka suala la ardhi ya Mukuru mahakamani hayakuwa yakishambulia umiliki wenyewe.

Mashirika hayo yalikuwa na mizizi tofauti na ya Mathare 4A. Muungano wa Wanavijiji ulizaliwa mwaka 1996 kutokana na upinzani wa wakazi wenyewe dhidi ya kubomolewa makazi yao, na kando yake kukaja mashirika ya kiufundi na ya fedha, miongoni mwao Akiba Mashinani Trust na SDI Kenya. Agosti 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, maana yake eneo ambalo ujenzi mpya unasimamishwa kwa muda na kanuni za kawaida za upimaji zinalegezwa ili mpango unaolingana na hali halisi uandaliwe. Mashirika zaidi ya 40, vyuo vikuu na idara za kaunti yaligawana kazi kwa sekta, na takriban kaya 100,000 ziliunganishwa kuanzia makundi ya kaya kumi kumi, ili mjadala wa mfereji wa majitaka au upana wa njia uanzie mlangoni kabla ya kupanda juu. Hapo amana ilianza kupata umbo linaloistahili. Kikao cha kaya kumi hakina fahari, kinachosha, na pengine kinatekwa na mwenye sauti kubwa, lakini kinampa mlengwa mahali pa kusimama ambapo bodi ya wadhamini haiwezi kumpa.

Hata hivyo wakazi wengi wa Mukuru ni wapangaji, na neno jamii linalopendwa katika hati za miradi huwaficha nyuma ya wenye vibanda, ambao kwa kawaida ndio wanaojulikana, wenye muda wa mikutano na wenye cha kupoteza kinachohesabika. Barabara ikitengenezwa kodi hupanda, na mpangaji aliyeomba barabara hiyo huhamia mabanda ya mbali zaidi. Kitabu cha Nehemia kinalijua tatizo hili: ukuta wa Yerusalemu ulijengwa kwa mbao za mfalme wa Uajemi na kwa kazi ya familia, wengi wakijenga mbele ya nyumba zao, lakini katikati ya ujenzi maskini walilalamika kwamba mashamba na nyumba zao vilikuwa rehani kwa ndugu zao wenye uwezo. Nehemia hakuwaambia wasubiri ukuta umalizike. Aliitisha kusanyiko, akawaapisha wakopeshaji wavirudishe, naye mwenyewe hakula posho ya liwali. Mwandishi wa kitabu aliona kwamba ukuta unaojengwa juu ya deni la jirani umekwisha kubomoka kwa ndani.

Mwishoni mwa mwaka 2021, matingatinga yalibomoa maelfu ya nyumba Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara ya kuelekea ile iliyopewa jina la mwanariadha Catherine Ndereba. Waliolala nje walikuwa katika eneo ambalo mpango wake uliandaliwa kwa ushirikishwaji usio na mfano nchini. Tukio hilo halithibitishi kwamba ushirikishwaji ni bure. Linathibitisha kwamba mbia mmoja, yaani serikali, alibaki na uwezo wa kuuvunja ubia peke yake, na kwamba mdhamini hakuwa na chombo cha kumzuia zaidi ya mahakama na sauti yake.

Sasa serikali inajenga yenyewe, kwa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, na mwaka 2025 wakazi wa kwanza walikabidhiwa nyumba katika mradi mpya wa Mukuru. Fedha hizo ni za wafanyakazi, akiwemo mpangaji wa mtaa wa Fedha, kwa hiyo idadi ya wenye amana imeongezeka na ugumu wa kuwajibishana umeongezeka nao. Shirika litakaloomba tena kusimama katikati lina wajibu wa kuandika katika hati yake ya udhamini kaya za wapangaji kama walengwa wanaotajwa waziwazi, kusoma hesabu zake kwa Kiswahili katika vikao vya kaya kumi, na kuvipa vikao hivyo uwezo wa kumwondoa mdhamini bila kumsubiri mfadhili. Wafadhili watalalamika kwamba masharti hayo yanachelewesha kazi, na ni kweli yatachelewesha; lakini mpangaji wa Mukuru amesubiri tangu kabla ya wengi wao kufungua ofisi Nairobi, na muda unaohesabiwa ni wake.