Kutu ya Majani ya Kahawa na Haki ya Jirani

Kutu ya majani ya kahawa huletwa na fangasi aitwaye Hemileia vastatrix. Katika miteremko ya Mlima Meru, ambako Wameru na Waarusha hupanda mikahawa pamoja na migomba, ugonjwa hujulikana kwa unga wa rangi ya machungwa chini ya jani. Unga huo ndio mbegu za fangasi. Zikitua kwenye jani lililolowa humea, hupenya ndani, na baada ya wiki chache hutoa unga mpya. Majani hupukutika, na matawi yanayotarajiwa kuzaa mwakani hudhoofika.

Tangu kale watu wameuliza kama maradhi ya mimea ni adhabu. Nabii Amosi anataja koga miongoni mwa mapigo ya Mungu. Warumi walimtolea kafara mungu wa kutu kila tarehe 25 Aprili. Fikra hiyo ina heshima yake, kwani humfanya mtu ajichunguze. Lakini shambani haisimami. Kutu hufuata unyevu, joto na aina ya mche: mikahawa ya mcha Mungu aliyepanda aina ya zamani ya N39 huugua, na ya dhalimu aliyepanda chotara zinazostahimili kutu husalimika. Ceylon, Sri Lanka ya leo, ilipopoteza kahawa yake kwa kutu baada ya 1869, vibarua maskini waliumia pamoja na matajiri.

Swali zito zaidi ni la wajibu. Mti ni mali ya mwenyewe, ila unga wake hupeperushwa na upepo na kuvuka mpaka wa masale. Shamba ambalo warithi wake wamehamia Arusha mjini huwa kitalu cha ugonjwa kwa kijiji. Uislamu na Ukristo vyote vinamtambua jirani kuwa mwenye haki, na hapa haki hiyo ina kazi zake: kupogoa, kuondoa maotea, kupulizia dawa ya shaba kwa wakati. Shaba nayo hubaki ardhini, hivyo kuizidisha ni kuwadhulumu watakaorithi udongo. Njia iliyo bora ni chotara hizo zinazostahimili kutu, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) ya Lyamungu kuanzia 2005.

Asiyeweza kuitunza mikahawa yake amkabidhi jirani aihudumie, au aing'oe. Kuiacha iugue ni dhuluma, hata kama hati ya shamba ina jina lake.