Kijana Wetu Katika Bweni la Chuo Kikuu

Kila mwaka vijana wetu, wanaume kwa wanawake, hutoka miji ya pwani kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi. Hili ni jambo la kushukuriwa, wala haifai mzazi kumzuia mwanawe kwa kukhofia dini yake. Dini isiyoweza kuvuka kizingiti cha nyumba, kasoro i katika malezi.

Lakini wewe kijana, fahamu yanayokungoja. Nyumbani ulikuwa ukiamshwa na adhana ya alfajiri, na usipoamka mama hugonga mlango. Bwenini hapana agongaye. Fedha zi mkononi mwako, na usiku hapana akuulizaye watoka wapi. Hapo ndipo hudhihirika: je, ulikuwa ukimcha Mola wako, au ukimwogopa baba?

Mkumbuke Nabii Yusuf, alayhis-salaam. Alitengwa na babake angali mdogo, akawa mgeni Misri; milango ikafungwa, naye akamkumbuka Mola wake. Ndiye huyo aliyekuja kukabidhiwa khazina za nchi kwa elimu na uaminifu wake.

Basi juma la kwanza, kabla hujazoea jingine, tafuta mahali pa kusali na rafiki wa kuamshana naye. Mwenzio wa chumbani asiyekuwa Mwislamu mtendee wema, kwani wewe ndiwe utakayemjulisha Uislamu. Wala usikose darasa ukajificha nyuma ya ibada, kwani masomo ni amana ya wazazi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, awarejeshe na elimu pamoja na dini. Amin.