Jamaa Moja, Dola Mbili: Je, Asili ni Uasi?



Ukiishika njia kuu itokayo Mbeya kwenda Zambia, ukapita Vwawa, utafika Tunduma, mji wa mwisho wa Tanzania upande huo, nao umo katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, mji wa Zambia. Wanyamwanga ni wenyeji wa huku na huko: lugha yao moja, koo zao moja, na msiba wa upande mmoja huwaliza wa upande wa pili. Lakini huyu ni raia wa Tanzania na yule ni raia wa Zambia.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo yatupasa tulitazame kwa utulivu: Mtu ambaye nusu ya jamaa zake wako katika dola nyingine, je, ni haki kumtaka aonyeshe utii wake kwa kuikana asili yake?

Kwanza tujue mstari huo ulitoka wapi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana namna ya kugawana nchi za Afrika Mashariki. Kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, Waingereza walihakikisha kwamba barabara ya Stevenson inabaki upande wao, kwa faida ya biashara yao. Mwaka 1898 tume ya dola hizo mbili ikaja kuupima mpaka. Mnyamwanga hakuulizwa neno. Alilala ni mtu wa kabila moja, akaamka ni raiya wa wafalme wawili.

Huenda mtu akasema: "Basi, kama mpaka ulianza kwa dhuluma, haufai kuheshimiwa." La, sivyo. Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo wakaazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Walijua fika kwamba wengi wa waliochora mipaka hiyo hawakuwa na haki. Lakini walijua pia kwamba kila kabila likidai kuurudisha mstari wake wa kale, damu itamwagika kuanzia Cairo mpaka Cape Town. Jambo laweza kuanza kwa dhuluma, kisha kulivunja kwa nguvu kukawa dhuluma kubwa zaidi.

Ama tukiukubali mpaka, je, tumekubali pia kwamba udugu umekatika? Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili. Utii kwa dola ni ahadi: mtu hulindwa na sheria, naye huitii. Udugu si ahadi. Mtu huzaliwa nao, wala hakuna bunge liwezalo kuufuta. Kwa kuwa chanzo chake ni mbali mbali, kimoja hakimli mwenzake. Ndugu yako akikutaka umfichie bidhaa za magendo, udugu haukuruhusu, kwa sababu unavunja ahadi uliyowapa wengine. Na mwenye madaraka akikutaka umkane bibi yako aliyezikwa Nakonde, utii haukulazimishi, kwa sababu hukuahidi kamwe kuwa mtu asiye na bibi.

Vile vile uraia wenyewe una sheria zake. Katiba ya Zambia, tangu 2016, humruhusu raia wake kuwa na uraia wa nchi nyingine. Sheria ya Tanzania haimruhusu hivyo mtu mzima. Basi Mnyamwanga wa Tunduma atakayejipatia vyeti vya pande zote mbili kwa siri, asijitetee kwa kabila lake. Huyo huwaharibia jamaa zake wote, maana siku atakapogunduliwa, shaka itawaangukia na wasio na hatia.

Tazama mfano wa mbali. Baada ya vita vya Urusi na Waturuki mwanzoni mwa karne ya 19, Wabulgaria wengi walihamia Bessarabia, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Moldova na Ukraine. Dola zilizowatawala zilibadilika mara nyingi, nao wakabaki na lugha yao. Sensa ya Ukraine ya mwaka 2001 ilihesabu Wabulgaria zaidi ya 200,000. Hapana shaka kila Mbulgaria hufurahi kusikia kwamba ndugu zake wa ugenini hawakulazimishwa kusahau kwao.

Lakini katika Bulgaria yenyewe, majira ya baridi ya 1984 na 1985, serikali ya Todor Zhivkov iliwalazimisha mamia ya maelfu ya Waturuki, Waislamu, kuacha majina yao na kuchukua majina ya Kibulgaria. Katika mwaka 1989 zaidi ya 300,000 wakahamia Uturuki. Zhivkov akaanguka Novemba mwaka huo huo, na mwaka 2012 bunge la Bulgaria likalaani tendo hilo. Je, walipatikana raia watiifu zaidi? La hasha! Dola iliwageuza raia wake kuwa wakimbizi. Haki umpendayo nayo ndugu yako aliye mgeni kwa watu, mpe na mgeni aliye kwako.

Sisi tunao mfano ulio bora. Katika masahaba wa Mtume (S.A.W.) walikuwamo Bilal Mhabeshi, Salman Mfursi na Suhaib Mrumi. Majina hayo wanaitwa nayo mpaka leo, wala hayakupunguza hata chembe ya uaminifu wao.

Wenye asili nao wana wajibu. Mtoto wa Tunduma husoma kwa Kiswahili. Zambia inazo lugha saba za kienyeji zilizopewa nafasi shuleni na redioni, Kinyamwanga hakimo, na mtoto wa Nakonde hukutana na Kibemba. Basi lugha ya bibi imebaki na mlinzi mmoja tu, nao ni mdomo wa mzazi. Mzazi akinyamaza, asiulaumu mpaka. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa; na tuongeze kwamba amlazimishaye mwenziwe kuiacha amemfanya mtumwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukutanapo na mtu wa mpakani mwenye lafudhi usiyoizoea, usianze kwa kumshuku. Mwulize anavyotenda: je, anatii sheria, anatimiza ahadi, ni jirani mwema? Akiwa hivyo, kaburi la bibi yake likiwa ng'ambo halikudhuru kitu.