Je, Mwanamke Aongoza kwa Ruhusa?



Tunapofikia somo juu ya Kanisa, mara nyingi mzee mmojawapo huuliza: "Mwalimu, mama huyu anayetuongoza katika sala ya jumuiya, nani amempa ruhusa?" Vijana hucheka. Haifai kucheka, kwani mzee ameuliza jambo kubwa. Ataka kujua kama uwezo wa mwanamke wa kuongoza ni wake mwenyewe, aliopewa na Muumba, au ni kama jembe la kuazima, ambalo mwenyewe huja kulitwaa siku apendayo.

Serikali yetu nayo ilifuata fikira hiyo ya pili kwa muda mrefu. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, katika kifungu cha 448, ilimwamuru mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mapatano ya kisheria ambayo angetakiwa kuyatimiza yeye mwenyewe. Mama aliyeuza maharagwe sokoni Butembo kwa miaka ishirini, mwenye kujua hesabu kuliko mumewe, alihesabiwa kama mtoto mbele ya karatasi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa amri hiyo. Kifungu cha 444, kinachomwita mume mkuu wa nyumba, kilibaki. Juu ya neno hilo nitasema baadaye kidogo.

Sasa tazameni yatakayowapata ninyi wenyewe usiku wa Pasaka. Padri atawauliza kama mwamkataa Shetani, na kama mwasadiki. Mke atajibu kwa kinywa chake. Mumewe, hata akisimama karibu naye, hawezi kumjibia. Na hata mume akiwa bado mpagani, "Nasadiki" ya mkewe haipungui uzito. Ndivyo ilivyo siku ya ndoa pia: pasipo neno la bibi arusi hakuna ndoa, ijapokuwa mbuzi wote wa mahari wamekwisha kufika nyumbani kwa baba yake. Basi, mtu anayeweza kujibu mbele ya Mungu juu ya uzima wa milele, kwa nini asiweze kujibu mbele ya watu juu ya shamba la mihogo?

Jirani zetu wa kaskazini walimwona mwanamke wa namna hiyo. Sista Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa nchi ya Wamba, aliweka nadhiri zake mwaka 1959 katika shirika la Jamaa Takatifu. Mwaka 1964 waasi waliwachukua masista wa Bafwabaka hata Isiro, na mkubwa wa askari akataka kumfanya mkewe. Mbele yake palikuwa na mwanamume mwenye bunduki, aliyezoea kutiiwa. Anuarite alikataa, akauawa tarehe 1 Desemba, naye alimsamehe aliyemwua. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Hapo hatuoni dhamiri ya kuazima.

Lakini wengine watasema: Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso, amemwita mume kichwa cha mke. Ni kweli, na sitaki kulificha neno hilo. Ila lisomeni tangu mstari ulio mbele yake, ambapo Mtume awataka Wakristo wote wanyenyekeane wao kwa wao. Kisha endeleeni, mwone jinsi amwagizavyo mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, yaani hata kufa. Wanaume wengi hushika neno "kichwa" na kuuacha msalaba. Tena katika kitabu cha Mwanzo Mungu aliwaumba mume na mke kwa mfano wake, akawapa wote wawili kazi ya kuitawala dunia, wala hakumpa mmoja ili amgawie mwenzake.

Nyumba, ni kweli, yahitaji utaratibu. Utaratibu ni jambo moja, kumziba mtu kinywa ni jingine.

Ndipo Israeli ilipopata mwamuzi mwanamke, Debora. Aliketi chini ya mtende, watu wakamjia awakatie maneno yao. Na Baraka, jemadari, hakukubali kwenda vitani asipofuatana naye. Kwetu maneno hukatwa katika kyaghanda, penye moto wa wanaume. Wazee wetu walifanya hekima nyingi pale, lakini mama, ambaye shauri lilimhusu mara nyingi kuliko wote, alikuwa jikoni.

Desturi ya namna hiyo haiishi upesi, hata sheria ikibadilika, wala si kwetu tu. Katika uchaguzi wa Mei 1960 wanaume peke yao walipiga kura katika Kongo. Mwaka 1966 Sophie Kanza akawa waziri, wa kwanza kati ya wanawake wa nchi yetu. Ikapita karibu miaka sitini hata Judith Suminwa akawekwa kuwa Waziri Mkuu, mwezi wa Aprili 2024. Kule Japani, nchi yenye shule na viwanda vingi, wanawake walipiga kura mara ya kwanza mwaka 1946, na 39 wakaingia bungeni; lakini Waziri Mkuu mwanamke, Sanae Takaichi, hakupatikana mpaka Oktoba 2025.

Kwa upande wa Kanisa, upadre umewekwa kwa wanaume. Lakini tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliiweka huduma ya katekista kwa walei, waume kwa wake. Mama anayetangulia sala hatwai mali ya mtu.

Jambo hili lina haraka katika nchi yetu. Tangu mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yameacha wajane wengi, na wengi wao ndio wenye kulisha, kusomesha na kuamua. Kisha mjane arudi kijijini, akute ndugu za marehemu wameketi kugawana shamba. Akitaka kusema, aambiwa anyamaze, maana shamba hufuata wana wa kiume. Sheria ya Jamaa yawapa urithi watoto wote wa marehemu, wa kiume na wa kike. Wengi wanaokata neno hilo penye moto hawajapata kuisoma, na mjane, aliyeambiwa anyamaze, hana njia ya kuwasomea.